Tabora hadi Kigoma kwa ndege ndogo: mwongozo kamili wa kupanga safari yako ya kwanza ya masafa

"Mwalimu, reli si ipo? Nitaifuata tu."

Nikiuliza wataijuaje njia wakiwa angani, jibu hilo nimelisikia kwa wanafunzi wengi wa urubani, na karibu wote waliolitoa walirudishwa kuandika mpango upya. Ndege wanairusha vizuri, wanatua vizuri, halafu wanaangushwa na karatasi. Mmoja amesahau upepo. Mwingine ana mafuta ya kwenda lakini hana ya kurudi. Wa tatu amejaza saa za Kiswahili kwenye fomu inayotaka saa za kimataifa.

Basi tuipange safari moja nzima hapa mezani, Tabora kwenda Kigoma, kwa Cessna 172. Hata kama shule yako iko Dar es Salaam, Nairobi au Soroti, zoezi linakufaa. Huku magharibi mitego yote iko njia moja: misitu ya miombo inayofanana maili na maili, mabwawa, reli inayogawanyika, na ziwa mwishoni. Viwango vya ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) kwa leseni ya rubani binafsi vinadai safari moja ya peke yako isiyopungua kilomita 270, yenye kutua na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Tabora–Kigoma peke yake ni kama kilomita 350.

Namba ninazotumia ni za mfano. Kitabu cha ndege yako ndicho chenye kauli, na mwalimu asipotia saini, huendi.

## Andaa hivi kwanza

- Ramani ya anga ya kipimo cha 1:1,000,000 au kubwa zaidi. Ramani ya simu haitoshi, maana haikuonyeshi vilima wala mipaka ya anga inayoongozwa.
- Rula yenye maili za baharini, na protrakta. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, na maili zote za hesabu hii ni hizo. Ukipima kwa kilomita kisha ukagawa kwa noti (maili za baharini kwa saa), hesabu yote imeharibika.
- Kikokotoo cha duara cha marubani. Huna? Karatasi ya grafu na bikari vinatosha, nitakuonyesha.
- Penseli ya 2B na kifutio. Kalamu ya wino iache nyumbani.
- Kitabu cha ndege, kwa ajili ya mwendo, ulaji wa mafuta, uzito na urefu wa kupaa.
- Utabiri wa anga kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), pamoja na notamu (matangazo rasmi ya mabadiliko na hatari) za viwanja vyote utakavyotumia, hata vya dharura.
- Saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde.

GPS unaweza kuwa nayo. Ila ukiona mkono unaifuata kabla ya penseli, izime.

## Hatua ya 1: Chora njia, kisha ikate vipande

Ukivuta mstari mmoja kutoka Tabora hadi Kigoma utapata kama maili 189 na uelekeo wa digrii 273 au 274. Usiutumie. Mstari huo unapita kaskazini ya reli, pembezoni mwa mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi, ambako utatazama chini dakika ishirini bila kuona kitu unachoweza kukitaja jina.

Mimi naigawa hivi, kwa vipimo vya takriban: Tabora–Urambo maili 45, Urambo–Kaliua 17, Kaliua–Nguruka 44, Nguruka–Uvinza 40, Uvinza–Kigoma 45. Jumla maili 191. Umeongeza maili mbili tu, na umepata vituo vinne vya kujihakikishia. Hadi Uvinza uelekeo ni digrii 270, magharibi kamili. Kutoka Uvinza njia inapinda kidogo kwenda digrii 287.

Pima mwenyewe. Ukitofautiana nami kwa zaidi ya maili mbili kwenye kipande chochote, mmoja wetu kakosea. Rudia kabla hujaendelea.

Kila kituo kiwe na alama mbili, si moja. "Mji wenye stesheni" si alama, maana kila mji hapo una stesheni. Kaliua ni mji wenye stesheni na reli ya Mpanda inayochepuka kwenda kusini. Uvinza ni stesheni, mto Malagarasi na vilima vinavyoanza kuinuka mbele yako.

## Hatua ya 2: Chagua mwinuko

Uwanja wa Tabora uko kama futi 3,900 juu ya usawa wa bahari, Kigoma kama futi 2,700. Mwanafunzi akiona hivyo hudhani safari nzima ni mteremko. Sivyo: kati ya Uvinza na Kigoma kuna vilima kabla ardhi haijaangukia ziwani.

Ndege inayoruka kwa kuona, ikielekea magharibi, hutumia elfu shufwa na nusu: futi 4,500, 6,500, 8,500. Ya kwanza ni karibu na miti ya Tabora. Ya pili inafaa kama mawingu yamekubana. Mimi nachukua 8,500: injini ikizimika una muda wa kuchagua shamba la kutua, redio inafika mbali, na baridi ya juu inapunguza mitikisiko.

Soma kilima kirefu kuliko vyote kwenye ukanda wa maili 10 kila upande wa njia, uongeze futi 1,000. Namba hiyo iandike kubwa juu ya karatasi. Wingu likikulazimisha kushuka chini yake, hakuna mjadala tena, unageuka.

## Hatua ya 3: Upepo

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo twende polepole.

Upepo huitwa kwa unakotoka, kama mgeni. "140 kwa noti 15" maana yake unatoka kusini-mashariki, unakwenda kaskazini-magharibi. Huo ni upepo wa kawaida wa kiangazi huku kwetu, na tutumie huohuo. Mwendo wa ndege yetu hewani tuuweke noti 110.

Tofautisha maneno mawili. Njia ni mstari ulioko ardhini. Pua ni kule ndege inakoelekezwa. Ukiielekeza pua kwenye njia huku upepo unakusukuma kutoka kushoto nyuma, utaishia kulia. Mvuvi wa Kigoma akivuka mkondo haelekezi ngalawa kwenye nyumba yake, huelekeza juu kidogo.

Kwa grafu fanya hivi:

1. Weka nukta ya kuanzia. Chora njia kuelekea 270.
2. Kutoka nukta hiyohiyo chora upepo *unakokwenda*, yaani kuelekea 320, urefu wa vipimo 15.
3. Fungua bikari kwa vipimo 110. Ncha iweke mwisho wa mstari wa upepo, kisha kata mstari wa njia.
4. Mstari kutoka ncha ya upepo hadi ulipokata ndio pua. Kutoka nukta ya kwanza hadi ulipokata ndio mwendo wako juu ya ardhi.

Utapata pua ya digrii 264 na mwendo wa noti 119. Kwa kipande cha Uvinza–Kigoma: pua 283, mwendo 122.

Ukipata pua ya 276, umechora upepo kinyume. Ni kosa namba moja. Jikague kwa swali la mtoto: upepo unatoka kushoto? Basi pua lazima iende kushoto, namba ipungue.

Na ukipuuza hizo digrii sita? Kuna kanuni ya moja kwa sitini: kila digrii moja ya kosa, baada ya maili 60, imekutoa nje maili moja. Digrii sita kwa maili 146 za hadi Uvinza ni karibu maili 15, kama kilomita 27, kaskazini. Bandu bandu huisha gogo, na hapa gogo linaishia bwawani.

Mwisho, ondoa tofauti ya dira, yaani kaskazini ya kweli dhidi ya kaskazini ya sumaku, kama ilivyoandikwa kwenye ramani. Katika ukanda huu ni ndogo, lakini isome, mtahini ataiuliza. Kisha angalia kijikaratasi cha masahihisho kilichobandikwa karibu na dira ya ndege yenyewe. Upepo wa utabiri wa juu hutolewa kwa kaskazini ya kweli. Ule anaokusomea mwongozaji ndege wakati wa kutua ni wa sumaku. Usivichanganye.

## Hatua ya 4: Muda, na fujo ya saa tatu

Gawa maili kwa mwendo, zidisha kwa 60. Ongeza dakika 3 mwanzoni kwa sababu ukipanda unakwenda taratibu. Tangu kuruka: Urambo dakika ya 26, Kaliua 34, Nguruka 56, Uvinza 77, Kigoma 99.

Sasa saa. Mama nyumbani anasema "saa moja na nusu asubuhi." Simu inasema 07:30. Fomu ya mpango wa safari inataka 04:30, kwa sababu saa za kimataifa ziko nyuma yetu kwa tatu. Mwanafunzi anayewaza kwa Kiswahili na kuandika kwa haraka hujaza 01:30, na ndege yake kwenye karatasi inaondoka saa kumi na nusu alfajiri, gizani.

Dawa yangu: anza na saa ya simu, toa 3, andika. Saa ya Kiswahili isiguse karatasi kabisa. Ukiruka 04:30, Urambo ni 04:56, Kaliua 05:04, Nguruka 05:26, Uvinza 05:47, Kigoma 06:09.

Kwa nini 04:30 na si mapema zaidi? Tabora na Kigoma ziko magharibi mno kwa saa tunayotumia, hivyo jua huchelewa. Kigoma huchomoza karibu saa moja asubuhi. Ukiondoka muda huo jua liko mgongoni, na ardhi ina vivuli vinavyoonyesha vilima na mito vizuri.

## Hatua ya 5: Mafuta

Ndege yetu tuseme inakula lita 34 kwa saa na ina lita 200 zinazotumika.

Kuwasha, kutambaa na kupanda: 8. Safari ya dakika 99: 56. Nyongeza ya asilimia kumi ya safari: 6. Uwanja mbadala ikiwa Kigoma imefungwa: tuuchukue Mpanda, kama maili 122, na upepo wetu wa 140 unakuja usoni kabisa, kwa hiyo noti 95, dakika 77, lita 44. Akiba ya mwisho: ICAO inataka dakika 30 mchana, mimi nataka 45, lita 26.

Jumla lita 140. Mwanafunzi anafurahi, anafunga daftari.

Hebu fungua tena. Umeulizia kama Kigoma kuna avgas, yaani petroli ya ndege za pistoni, siku hiyo? Ndege kubwa za abiria zinatumia Jet A-1, na hiyo ukiitia kwenye injini yako ya pistoni utaiua. Uwanja kuwa na mafuta si sawa na uwanja kuwa na mafuta *yako*. Piga simu siku moja kabla, na ukifika hakikisha kwa macho: avgas 100LL ni ya buluu.

Kama haipo, beba ya kurudi. Kurudi ni kinyume na upepo: noti 97 hadi Uvinza, kisha 100 hadi Tabora, dakika 116 na tatu za kupanda. Lita 67 badala ya 56. Kwenda na kurudi, pamoja na akiba na nyongeza, inafika kama lita 177. Tangi linatosha, lakini Mpanda imetoka kwenye hesabu. Kwa hiyo uamuzi wa kuendelea Kigoma unaufanya Nguruka, ukiwa bado unaweza kugeuka, na si juu ya ziwa.

Kipimo cha tangi kwenye dashibodi usikiamini. Panda, ingiza kijiti, soma. Kisha chuja chini ya kila tangi uone kama kuna maji. Yakiwepo hukaa chini na hayana rangi.

## Hatua ya 6: Asubuhi yenyewe

Toka nje utazame anga kabla ya kutazama simu. Kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu ya radi hujengeka mchana, uwe umeshatua. Julai hadi Septemba adui ni moshi wa nyika zinazochomwa: anga juu ni buluu tupu, lakini mbele huoni kitu. Wanafunzi husema "hakuna wingu, twende." Uliza kuona ni kilomita ngapi, si mawingu mangapi.

Halafu joto. Tabora ikiwa na nyuzijoto 32, hewa ya futi 3,900 inaifanyia ndege kama iko futi 6,900 hivi. Bawa linabeba kidogo, injini inapumua kidogo, njia ya kurukia inakuwa fupi bila kukatwa. Asubuhi kwenye nyuzijoto 18 ni kama 5,200. Hesabu: kila nyuzijoto moja juu ya kiwango cha kawaida cha mwinuko huo (Tabora ni kama 7) ongeza futi 120. Ingia na namba hiyo kwenye jedwali la kupaa, kwa uzito wa tangi lililojaa.

Notamu, mpango wa safari, redio: fuata utaratibu wa shule yako. Sina la kuongeza hapo.

## Hatua ya 7: Angani, na njia panda ya Kaliua

Ukiruka Tabora utaona reli tatu: ya Dar es Salaam mashariki, ya Mwanza kaskazini, ya Kigoma magharibi. Tia pua kwenye dira kwanza, ndipo utafute reli. Ukianza na reli utachagua iliyo karibu.

Iweke reli kushoto kwako, kwa sababu ndiko unakokaa. Na jihadhari: mkataba wa SGR ya Tabora–Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022, hivyo unaweza kukuta tuta jipya la udongo ambalo ramani yako haina.

Kaliua ndipo penye mtego wenyewe. Mimi nilinaswa. Nilikuwa mwanafunzi, nimeiona reli safi chini yangu, nimeridhika, naifuata kama ng'ombe anayerudi zizini. Mwalimu wangu kimya. Baada ya dakika kama kumi akauliza, "Kijana, Kigoma iko upande gani wa jua?" Nikatazama dira: kusini-magharibi. Nilikuwa naelekea Mpanda, kwa bidii.

Kwa hiyo dakika mbili kabla ya Kaliua fanya haya: soma dira, soma saa, tamka kwa sauti "naendelea 264, reli inayochepuka kushoto naiacha." Ukishaipita, tazama dira tena.

Ukiwa umetoka njiani, usipapase. Tuseme Urambo unaiona maili 3 kushoto kwako. Maili 3 kwa 45 ulizoruka, mara 60, ni kosa la digrii 4. Hadi Nguruka zimebaki 61, kwa hiyo kurudi kunahitaji digrii 3 nyingine. Geuka 7 kushoto, moja kwa moja, utakutana na njia Nguruka. Kwa nini si Kaliua? Iko maili 17 tu. Ungehitaji kugeuka karibu digrii 15, na dakika nane baadaye kugeuka tena. Kila kugeuka ni nafasi ya kukosea.

Kila kituo andika saa halisi pembeni ya uliyotabiri. Tofauti ya dakika mbili ni kawaida. Ikiwa ni tano, upepo si ule wa utabiri: kokotoa mwendo upya, na mafuta upya.

## Hatua ya 8: Kuingia Kigoma

Kushuka kutoka 8,500 hadi futi 3,700 za mzunguko wa uwanja, kwa futi 500 kila dakika, ni dakika 10, yaani maili 20 hivi kabla. Lakini kwanza thibitisha kwenye ramani kwamba vilima vya mashariki umevipita. Kama hujavipita, subiri, ushuke kwa kasi kidogo baadaye.

Kukiwa na ukungu wa moshi, usilenge uwanja wenyewe. Lenga kusini yake maili chache, upande wa Ujiji na kuendelea chini. Ukiukuta ufukwe bila kuuona uwanja, unajua lazima ugeuke kulia. Ukilenga katikati na usiuone, huna njia ya kujua kama uko kulia au kushoto kwake. Maji ya Tanganyika ni ukuta wako: usivuke ufukwe ukitafuta, ng'ambo ni Kongo.

Ukiwa umepotea kabisa kabla ya hapo, panda juu, iambie redio mapema, shika pua ya magharibi kama mafuta yanaruhusu. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 600, halikwepeki.

Umefaulu ukitua na saa isiyopishana na karatasi kwa zaidi ya dakika tano, mafuta yasiyopishana kwa zaidi ya lita 5, na ukiweza kumwonyesha mwalimu kwa kidole, kwenye ramani, mahali ulipokuwa dakika yoyote atakayoitaja.

Kisha funga mpango wako wa safari kabla hujatoka uwanjani. Usipofanya hivyo, nusu saa baada ya muda uliotarajiwa kufika wahusika wataanza kukuulizia, na watu watakutafuta msituni Nguruka wakati wewe umekaa Kibirizi unakula mgebuka.